Raha ya Kuruka Siku Isiyo na Jua

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi hapa Mwanza, mbele ya vijana waliomaliza kidato cha sita, wazazi wao na majirani. Wengi mlizuiwa na mvua, mkaniomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mwangaluka!

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Nawashukuru kwa kuja. Najua mmefika na matope viatuni, na najua kuna mama pale nyuma aliyeacha dagaa wake chini ya turubai ili aje kunisikiliza. Nimemwona. Nitarudi kwake baadaye.

Mratibu wetu alinipigia simu Alhamisi. Akasema, "Mama, utabiri unasema Jumamosi ni wingu na manyunyu. Tusogeze mbele? Utazungumziaje habari za ndege siku ya namna hiyo?" Nikamjibu, usisogeze hata kidogo. Siku ya namna hiyo ndiyo niliyokuwa naiomba.

Wengi wenu mnanifahamu dukani. Nauza vipuri vya injini za boti: plagi, kabureta, propela, pini za propela. Sijawahi kulipwa hata shilingi moja kwa kurusha ndege, na leseni yangu ya rubani binafsi hainiruhusu kulipwa. Nilisomea Nairobi, uwanja wa Wilson, mwaka 2011, nikiwa na miaka 38. Ili kupata ada niliuza kiwanja changu cha Igoma, na sijakijutia siku hata moja. Ndege ninayorusha ni Cessna 172, viti vinne, injini moja puani, na tunaimiliki watu wanne kwa kuchanga. Ni ndege ya kawaida kabisa. Aina yake iliruka mara ya kwanza mwaka 1955, na hakuna ndege nyingine duniani iliyotengenezwa kwa wingi kuizidi.

Basi kila mtu akisikia kwamba naruka kwa ajili ya raha tu, picha inayomjia ni ile ile: jua linawaka, ziwa la buluu, mbingu haina doa. Siku hizo zipo na naruka. Lakini mkiniuliza ni siku zipi nimezihifadhi moyoni, nitawatajia siku za kijivu. Siku ambazo mji mzima umejifunika, bodaboda wamejibanza chini ya vibaraza, na mtu anasema leo hakuna la maana litakalofanyika.

Kwa nini? Ndilo nililokuja kuwaeleza.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Sina ugomvi na wahenga. Ila nimelelewa na mtu aliyeidai ile methali nyongeza.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alivua Kayenze maisha yake yote. Mtu akija ufukweni na kusema, "Leo kuna wingu," mjomba hakumjibu ndiyo wala hapana. Alimuuliza, "Wingu gani?" Maneno mawili tu. Wingu gani? Na asiyeweza kujibu hakupanda mtumbwi wake.

Nilikuwa na miaka tisa aliponifundisha kujibu. Alinishika mabega kwa nyuma, akanigeuza polepole kama mtu anayegeuza dishi. "Lile lililotandikwa kama mkeka toka huku mpaka kule, rangi moja, halina kichwa wala miguu, hilo limeshachoka. Lina manyunyu, halina hasira. Sasa tazama lile. Lina shina. Kichwa chake kinafura kama maziwa yanayochemka, na chini ni jeusi. Hilo linapika. Ukiona linapika, usitoke. Na kama umeshatoka, usishindane nalo mbio, likwepe mapema."

Linapika. Mimi nimekaa darasani miezi kadhaa nikisoma hali ya hewa kwa marubani, nimefanya mitihani, na nawaambia kwa dhati sijapata neno lililozidi hilo.

Baadaye nilijifunza ni kwa nini ziwa letu linapika, na kwa nini linapika usiku. Sikilizeni, maana hii ni habari ya nyumbani kwenu. Mchana nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi inapaa, upepo unaingia toka ziwani kuijaza nafasi, na ngurumo za alasiri mnazisikia kule nchi kavu, milimani. Usiku mambo yanageuka. Nchi inapoa, maji yanabaki na joto lake. Sasa upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Na ziwa hili lina nchi pande zote, Tanzania, Uganda, Kenya. Kilomita za mraba karibu 69,000 zimezungukwa. Pepo zinatoka kila upande, zinakutana katikati, hazina pa kwenda isipokuwa juu. Ndiyo maana mvuvi wa dagaa anakutana na dhoruba saa tisa, saa kumi za usiku. Na kwa kuwa upepo mkuu wa huku unasukuma toka mashariki, mzigo mwingi unaangukia magharibi. Bukoba wanapata mvua karibu mara mbili ya sisi.

Sasa mnaona? Asubuhi nyingi za masika na vuli, ule mfuniko wa kijivu mnaoamka nao ni mabaki. Dhoruba imepika usiku kucha huko majini, asubuhi imeishiwa nguvu, limebaki wingu lililotandazwa juu. Ni jivu la jana. Mtu aliye kitandani anaona siku mbaya inaanza. Aliyefundishwa kuuliza wingu gani anaona kitu kingine: anaona siku iliyotulia.

Na msidhani kuruka juu ya ziwa hili ni jambo geni lililoletwa juzi. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London kuja Afrika, na mwisho wa safari ulikuwa hapa Mwanza. Cape Town waliunganishwa mwaka uliofuata. Marubani wale hawakuwa na setilaiti wala rada ya mvua. Walikuwa na macho, dira na saa ya mkononi, na ziwa lilikuwa ni hili hili, linapika usiku na kutulia asubuhi.

Haya. Siku ya kijivu ina nini cha kumpa mtu mwenye ndege ndogo?

La kwanza ni hewa yenyewe. Uwanja wetu uko futi zipatazo 3,760 kutoka usawa wa bahari. Hapo tayari hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam. Joto likizidi inakuwa nyepesi zaidi, na bawa halipendi hewa nyepesi, injini haipendi, propela haipendi. Siku ya nyuzi 30, ndege yangu inajiona kama iko kwenye uwanja wa futi 6,400 na kitu. Inatambaa, inakula njia ndefu ya kurukia, inapanda kwa kusitasita. Nyuzi zikishuka hadi 20 asubuhi ya mawingu, inajiona iko kama futi 5,200. Futi 1,200 nimepewa bure, na aliyenipa ni lile wingu mnalolilaumu.

La pili ni utulivu. Jua linapochoma mawe ya Mwanza, na mnajua mawe yetu yalivyo mengi, kila jiwe linakuwa jiko. Hewa inapanda hapa, inashuka pale, na ndege ndogo inarushwa kama daladala kwenye barabara ya mashimo. Chini ya wingu lililotandikwa, majiko yote yamezimwa. Hata wale korongo wakubwa wa Mwaloni wanajua. Siku ya jua wanapanda kwenye hewa ya moto, wanazunguka juu kabisa bila kupiga bawa, na sisi marubani tunawaogopa kwa haki. Siku ya kijivu hakuna cha kuwainua. Wamekaa juu ya mapaa, wamevuta shingo ndani.

La tatu nitalieleza kwa kisa, maana sina namna nyingine ya kulieleza.

Novemba mwaka 2025 nilimpandisha mama yangu. Ana miaka 72. Alikuwa amekataa miaka yote, kila mara ana sababu: magoti, jua kali, kichwa. Asubuhi hiyo nilipita kwake kumpelekea mkate, anga ni kijivu tupu, nikasema kwa utani nakwenda kuruka. Akasimama, akachukua kanga yake ya pili, akasema, "Leo hakuna jua la kuniumiza macho. Twende."

Hakuna jua la kuniumiza macho. Kumbe sababu ya kweli ilikuwa hiyo, na sikuwahi kuuliza.

Nilimfunga mkanda, nikamvalisha boya, nikamwekea vile vya masikioni. Kanga aliikunja mara nne akaikalia apate kuona nje. Mnara wa kuongozea ndege ukaturuhusu, tukaondoka, tukafuata ghuba kwenda kusini. Bwiru ikapita upande wa kushoto. Mwamba wa Bismarck unaonekana kama mtoto aliyesimama majini. Capri Point, Saanane, halafu Nyegezi. Hakuna hata mtikisiko mmoja. Mama alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mkono wa kulia, na baada ya Nyegezi niliona mkono ule umeshuka wenyewe mapajani.

Ndugu zangu, siku ya jua ziwa ni kioo. Linakurudishia mwanga usoni na huoni kitu ndani yake. Siku ya kijivu kioo kinaondolewa. Unaona maji. Unaona pale mto ulipotapika udongo wa mvua ya usiku, ukanda wa rangi ya chai ya maziwa unaingia ziwani na hauchanganyiki, una ukingo kama pindo la nguo. Baada ya ukingo, kijani. Baada ya kijani, rangi ya sufuria iliyosuguliwa. Unaona maboya ya nyavu moja moja, unaona magugu maji yamejikusanya yakaacha njia ya mtumbwi mmoja, unaona mtumbwi wenyewe na mtu ameinama anakomba maji kwa kopo. Nilimwona akisimamisha kopo na kututazama.

Tulifika daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita tatu lililofunguliwa Juni mwaka huo. Nikainamisha bawa kidogo upande wa mama ili aone vizuri. Akakaa kimya. Halafu akanyoosha kidole, si kwenye daraja, kando yake, kwenye kipande cha ufukwe chenye miti miwili.

"Pale. Pale ndipo tulipopandia."

Mwaka 1973 mama yangu alivushwa hapo usiku kwa mtumbwi, uchungu umeshaanza, wanawahi hospitali Mwanza mjini. Aliye tumboni ni mimi. Kisa hicho nimekisikia mara nyingi sana, na katika masimulizi yake maji yale hayakuwa na mwisho. Walipiga kasia, wakapiga kasia, taa za ng'ambo hazikusogea. Sasa alitazama ufukwe wa huku, akatazama ufukwe wa kule, akarudia tena.

"Kumbe ni karibu hivi."

Hakusema zaidi. Tulirudi. Dakika arobaini na tano toka magurudumu yainuke mpaka yaguse chini. Hakukuwa na machweo ya dhahabu wala picha ya kuwatumia watu. Ila siku ya jua kali mama yangu asingepanda, na hata angepanda, kwa mng'ao ule wa maji asingeiona ile miti miwili.

Sasa namrudia mama wa dagaa.

Siwezi kuisifu siku ya mawingu mbele yako, mama yangu, nikanyamaza kuhusu turubai. Dagaa wanataka jua. Siku tatu za namna hii mfululizo, mzigo unaoza, na aliyekopa mtaji haambiwi na mkopeshaji kwamba pole kulikuwa na wingu. Nikiruka chini ya kijivu ninawaona ufukweni mnavyokimbizana na mashuka ya nailoni, na raha yangu inakuwa na uzito. Nasema hivi ili mjue sijaja kuwaambia kwamba wingu ni zuri kwa kila mtu. Nimekuja kusema wingu lina aina zake, na ukizijua, wewe unayeanika utafaidika kuliko hata mimi ninayeruka. Vijana, Chuo cha Hali ya Hewa kiko Kigoma. Hamhitaji kuuza kiwanja kwenda huko, na wanaoanika dagaa, wanaovua na wanaoruka wote wanawahitaji. Fikirieni hilo mkijaza fomu.

Natoka kwenye raha naingia kwenye hatari, na hapa naomba wale wanaochati wafunge simu kidogo.

Siku ya kijivu ina mitego yake. Ni mitego ya kimya. Dhoruba inakutangazia ujio wake kwa ngurumo, hii haitangazi.

Mtego wa kwanza ulinishika mimi, mwuza kabureta. Ilikuwa Aprili, nyuzi 21, manyunyu mepesi. Nilikuwa peke yangu, natoka upande wa Magu nashuka kuja uwanjani, nimepunguza nguvu ya injini. Geji ya mizunguko ilikuwa 1,900. Nikatazama nje, nikarudisha macho, 1,800. Sikuwa nimegusa kitu. Baada ya muda kidogo, 1,700, na kiti kinaanza kutetemeka.

Barafu. Ndani ya injini. Mwanza!

Mnashangaa, na mimi nilishangaa, japo nilikuwa nimeyasoma. Ndani ya kabureta petroli inageuka mvuke, na hewa inapita mbio kwenye koo jembamba. Yote mawili yanakula joto. Nyuzi zinaweza kushuka zaidi ya 20 kwa nukta moja. Nje ni nyuzi 21, ndani ya koo ni sifuri au chini yake, na hewa ya siku ya manyunyu imeshiba maji. Yale maji yanaganda pale pale, koo linazidi kuziba, injini inakosa pumzi. Siku kavu ya Julai hatari ni ndogo. Siku laini, ya manyunyu, ya kupendeza, ndiyo siku yake.

Dawa ipo. Kuna kishikizo unachovuta, kinaelekeza kwenye kabureta hewa iliyopashwa moto na ekzosi. Nilikivuta mpaka mwisho. Na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu injini ilizidi kuwa mbaya. Ilikohoa, ikarusha ndege kichwa, ikakohoa tena. Barafu inayeyuka, maji yanaingia kwenye mitungi. Kila kidole changu kilitaka kukirudisha kile kishikizo. Sikukirudisha. Nilihesabu kwa sauti, nikafika kumi na moja, injini ikakohoa mara ya mwisho na sauti ikanyooka. Tangu siku hiyo navuta kishikizo kabla sijapunguza nguvu, wala sisubiri geji iniambie.

Mtego wa pili ni wingu kushuka. Ndege yangu injini ikizima, kila futi 1,000 za urefu zinanipa kama kilomita 2.7 za kuteleza kabla ya kugusa chini. Fanyeni hesabu. Wingu likiwa juu, naweza kutoka mbali na ufukwe. Likishuka, kamba yangu inafupishwa. Kwa hiyo kabla ya kutoka naangalia taarifa ya uwanja: joto la hewa, na lile joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo umande unaanza. Tofauti yake nazidisha kwa 400, napata makadirio ya futi za chini ya wingu. Nyuzi 21 kwa 16, tofauti tano, futi 2,000 hivi: naruka, nikiambaa na ufukwe. Tofauti mbili, narudi dukani.

Na mtego wa tatu ndio mbaya kuliko yote: kuingia ndani ya wingu. Watu hudhani ndani ya wingu utajua uko juu au chini kwa kuhisi. Hutajua. Maji ya sikio la ndani yanakudanganya. Ndege inaweza kuwa imelala ubavu inazunguka kwenda chini, na mwili wako unaapa kwamba umekaa sawa. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu marubani 20 ambao hawakufundishwa kuruka kwa kutegemea geji peke yake. Walizuiwa kuona nje. Wote 20 walishindwa kuimudu ndege. Aliyeshindwa mapema kuliko wote alichukua sekunde 20, aliyedumu sana sekunde 480. Wastani, sekunde 178.

Sekunde 178. Hazifiki dakika tatu. Wimbo mmoja wa redioni hauishi.

Nilikuwa na sekunde hizo kichwani siku niliyompeleka rafiki yangu Bukoba. Mpwa wake anaoa, yeye ndiye msemaji wa familia, suti imetundikwa kiti cha nyuma. Tulifuata ufukwe wa kusini, tukaipita Chato, Rubondo iko kulia. Mbele yetu kijivu kilikuwa kinabadilika. Kilikuwa kimetandikwa, sasa kina mikunjo, na chini yake pazia jeusi limefika majini. Nikajiuliza kwa sauti, wingu gani? Rafiki yangu akadhani namuuliza yeye. Akasema, "La kawaida tu, twende, tunapita pembeni."

Nikageuza. Nyuzi 180, tukarudi tukatua Chato. Alinikasirikia. Aliniambia maneno ambayo sitayarudia mbele ya wazazi wangu, akapanda gari na suti yake mkononi. Nilikaa chini ya bawa peke yangu nikijisikia vibaya sana, kwa sababu ukitazama juu pale Chato ilikuwa shwari kabisa. Kugeuza kuna tabu hiyo: hupati ushahidi kwamba ulifanya sawa. Mvua hiyo iliyonyesha Bukoba sijui ilikuwa kali kiasi gani. Sikufika.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria yenye watu 43 iliangukia ziwani ikijaribu kutua Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 19 walifariki. Wavuvi ndio waliofika mwanzo, kwa mitumbwi yao. Siku ile rafiki yangu alinipigia. Sikuwa nimeruka, nilikuwa dukani. Hakutaja harusi. Aliuliza tu, "Uko chini?" Nikamwambia niko chini. Akasema haya, akakata.

Vijana wangu, mnaona ninavyotumia muda mrefu kwenye kukataa kuliko kwenye kuruka? Ndivyo ilivyo. Kati ya Jumamosi kumi za masika, mimi naruka labda nne. Zile sita nazo ni za kwangu. Tunasukuma ndege nje kidogo, mvua ikianza tunairudisha, tunakaa kwenye madebe na chupa ya chai, tunasikiliza matone kwenye bati na kubishana: wingu gani? Mmoja anasema litapasuka saa nne, mwingine anasema mpaka adhuhuri. Nimejifunza mbingu pale kuliko hewani. Na anayekwenda uwanjani akiwa ameshaamua kwamba lazima aruke, huyo simpandishi ndege yangu, hata akiwa ndugu.

Mmeniomba pia niseme habari za umri na masharti. Kwa kifupi: leseni ya rubani binafsi inaanzia miaka 17, saa za kuruka zisizopungua 40, cheti cha afya na mitihani. Gharama ni kubwa na sitawadanganya. Mwenye nia anione baada ya hapa, tuzungumze kwa kalamu na karatasi.

Kesho asubuhi nimepanga kuruka. Atakuja binti wa dada yangu, yule aliyekaa mstari wa pili, aliyeniuliza kabla hatujaanza kama wingu hili litamalizika. Mwanangu, nimekuwa nikilitazama dirishani muda wote ninaozungumza. Limetandikwa. Halina shina. Kesho saa moja nitatoka barazani kwangu Bwiru, nitatazama ng'ambo. Nikiiona Kamanga na miti yake, nitakupigia simu, uvae sweta. Nisipoiona, njoo vile vile. Chai ipo, na madebe ya kukalia yapo.